Utepe wa Mjomba

Mafundi wa maji walilisahau bomba,
jeusi, mstari wa buluu ubavuni,
limejikunja mtaroni nyuma ya Isevya
kama kitu kisichotaka kunyooshwa.
Tuliwangoja wiki mbili, waje kulichukua.
Wiki ya tatu Nyanzala alikuja na msumeno.

Kutoka unyayo hadi kitovu, alisema,
hicho ndicho kipimo cha ringi yako.
Tukapimana ukutani kwa mkaa:
Kalunde, Tausi, mimi,
na yule mdogo, Shija, ambaye ringi yake
ingeweza kufunika chungu cha ugali.
Ncha tulizichovya kwenye maji yanayotokota
zikalainika kama muhogo uliokolea moto,
tukazisukuma zimeze kiungo,
huyu kulia, huyu kushoto, vidole vinaungua,
kila mtu anamlaumu mwenzake.
Zilipopoa, zilikuwa zimeshikana.
Mwanzo umeingia ndani ya mwisho
na hakuna wa kuutoa.

Lakini ringi nyeusi bado ni bomba tu.
Ukiizungusha, kiuno kinajua.

Kwa Mzee Rajabu wa vifaa vya ujenzi
tulipata tepe mbili kwa fedha ya mchango:
moja ya rangi ya fedha, inayometa,
moja nyekundu, ya mafundi umeme.
Usivute sana, alisema Nyanzala.
Utepe uliovutwa una kisasi;
jua likiuwakia, unarudi ulikotoka.
Anzia penye kiungo, ufunike kovu kwanza.
Laza mshazari. Zungusha ringi, usizungushe mkono.
Acha nafasi ya upana wa ukucha
nyekundu ipate njia yake.
Pakivimba hewa, toboa kwa sindano.
Upande wa ndani usiupambe, upige msasa:
kiuno kinataka pa kushika.

Fedha ikaifukuza nyekundu, nyekundu ikaifukuza fedha,
ringi tatu nzima, hakuna aliyemkamata mwenzake.

Ya nne ilikuwa yangu.
Fedha iliishia robo.
Nyekundu iliishia kabla ya fedha.
Duka limefungwa, umeme umekatika, na kesho ndiyo kesho.
Nilikaa na kile kigurudumu cha karatasi kitupu
nimekivaa kidoleni kama mjane.

Mama alitoka chumbani na kaseti.
Na huu je? Si utepe?

Ilikuwa barua ya mjomba Sizya kutoka Mererani,
barua ya mdomo, mimi sijazaliwa.
Redio ilishaitafuna zamani,
lakini Mama anaijua kwa moyo, hata kikohozi chake:
Hamjambo nyote. Mimi mzima.
Kazi ni ngumu ila ipo.
Ile baiskeli yangu msiiuze.
Barua ya pili haikuja.

Aliuvuta kwa ncha ya kalamu,
mwembamba, wa kahawia, unanong'ona mikononi.
Tuliubandika kwa gundi ya viatu
na juu yake selotepu ya kufunikia madaftari.
Mita kwa mita za mjomba,
na ringi ilipotosheka, yeye alikuwa bado anaendelea.
Mabaki yake Mama aliyaviringisha kwenye kibiriti.

Asubuhi, uwanja wa shule, vumbi jekundu.
Za wenzangu ziliwaka mpaka walimu wakakinga macho.
Yangu haikuwaka.
Ilikuwa inaingia gizani, inatoka,
na ikipata jua kwa upande mmoja tu
inageuka asali inayomiminwa.
Nikakata kiuno. Ikashika.
Kila mzunguko ukipita mgongoni
nilimsikia, au nilijisikia mwenyewe:
msiiuze, msiiuze, msiiuze.

Mama alikuwa amesimama karibu na goli,
kanga begani, anacheka na wanawake wenzake.
Halafu aliacha kucheka.
Midomo yake niliisoma kutoka pale nilipo,
bila kusimamisha ringi:

Tuliiuza, kaka.
Tulikula mwezi mzima.